Jani ya Chuma Iliyobaki mu Lowa

Mubi, siku ya yenga, mwezi wa kumi. Mvua ilianza wakati watu wanatoka kusali, na mpaka sasa haijachoka. Niko ku baraza, miguu ndani ya viatu ya plastiki. Marto, nyundo yangu, iko pembeni yangu na sina hamu ya kuigusa.

Leo sina nguvu ya kujisifu.

Wale wanaonisomaka hapa ku telefone watashangaa. Mi njo Papa Bahati, ule aliyeandika namna mbenga ilikokota mutumbwi yake ku mto Lowa mpaka akaanza kuona taa za Kisangani. Njo mi niliyeandika kama nilifukuza chui na harufu ya soksi. Masomo niliachia darasa la tano ya primeri, lakini ulimi yangu iliendelea yenyewe mpaka iniversite. Kila muntu ku barabara hii anajua. Hata wale wanaochimba kule porini, wakitoka na udongo ku masikio, wananiulizaka: "Papa Bahati, ya leo iko wapi?"

Ya leo iko hapa. Lakini siyo ya kuchekesha.

Juzi, siku ya tano, nilitia hapa foto yangu na mbenga. Niliandika kama ilikuwa kubwa kama mulango ya kanisa. Ile habari ya mulango nitairudilia chini, musijali.

Kwanza nieleze kazi, sababu bila kazi hii hakuna kosa.

Mbenga iko samaki ya meno. Nyavu inakata, kamba inakata, kidole ukizubaa inakata. Minyoo haitaki, inaona ni chakula ya samaki maskini. Yenyewe inataka kitu inayokimbia. Njo maana natengeneza samaki ya uongo: kipande ya muti kama kidole, manyoya ya kuku ku mukia, ndoano, na mbele yake kachuma kembamba kenye kuzunguka mu maji. Ile kachuma naita jani, sababu iko na umbo ya jani ya limau. Jani njo roho ya kazi yote. Ikizunguka vizuri, inawaka na inatetemesha maji, mbenga inaona ni kasamaki kanakimbia, inakuja na hasira. Ikizunguka vibaya, umetupa tu chuma mu mto.

Nilijifunza ku telefone, mu video ya wazungu wanaovua samaki ya midomo mikubwa. Wakiivua wanaibusu, kisha wanairudisha mu maji. Kuirudisha! Mama Bahati, muke wangu, aliangalia mara moja akasema nizime, watoto wasione.

Nimejaribu kila chuma ya Mubi. Kopo ya sardini iko laini, mbenga inaifinya kama karatasi. Bati ya nyumba inakula kutu haraka na haiwaki. Kijiko ya kula iko muzuri kabisa, lakini Mama Bahati anajua vijiko vyake moja moja kama watoto wake. Sufuria ya zamani iko nyepesi, inaruka juu ya maji kama mutoto anayekataa kuoga.

Kukata siyo kazi, muntu yeyote mwenye makasi ya bati anakata. Kazi iko ku kupiga. Niko na gogo ya libuyu, ndani yake nilichimba shimo ndogo, kama kiganja ya mutoto. Unalaza jani juu ya shimo, unapiga polepole na ule upande wa mviringo wa marto, toka pembeni kuja katikati. Ukianzia katikati, chuma inajikunja kama sikio ya nguruwe na hairudi tena. Kisha unakwangua kingo na lime, tundu moja na musumari, majivu na limau, unasugua mpaka uone meno yako mwenyewe ndani.

Hapo sidanganyi. Naongezaka maneno ku kila kitu, lakini siyo ku jani.

Kilichokosekana ilikuwa chuma ya muzuri.

Sasa, siku ya posho, ile inayotangulia yenga, wiki iliyopita, nilikuwa ku butiki ya Mama Furaha, naeleza kama kawaida. Safari, kijana wa pikipiki mwenye mudomo kama tarumbeta, akanikata:

— Papa Bahati, ile samaki yako ya bati, tangu ianze kuogelea imeshika nini? Homa?

Watu wakacheka. Mama Furaha alicheka mpaka akaegemea mufuko ya chumvi.

— Mudogo wangu, nikamwambia, mbele ya posho ingine nitatoa mbenga mu Lowa, na wewe njo utaibeba ku pikipiki yako, bure.

— Nitaibeba na wewe juu yake, Papa, nikiimba.

Njo hivyo. Ulimi ikisha kusema, mikono inabaki kutafuta.

Hapa nyumbani tuko na mama mukwe wangu, mama ya Mama Bahati. Alitoka Nyamitaba, kule Masisi ya juu, ku malisho na baridi, wakati vita ilifukuza watu. Yeye iko muntu wa ng'ombe. Samaki hali, na chombo yenye kugusa samaki haikaribii maziwa tena, kwao iko hivyo tangu zamani. Jiko yake tulimujengea nyuma ya nyumba, mbali na yetu. Nikirudi na samaki napita njia ya migomba, ili upepo isinisemee.

Na mi kama mukwe, kule ku jiko yake sifiki. Sili mbele yake, simuangalii usoni. Nikiwa na neno, neno inapita kwa Mama Bahati. Yeye akiwa na neno, inarudi njia ile ile. Tunakaa lupango moja, uzio moja, kama nchi mbili zenye kuheshimiana.

Alifika hapa na vitu kidogo: vitenge, Biblia, na mufuniko ya bido, ule mutungi ya chuma ya maziwa. Bido yenyewe haikuwa. Mufuniko tu, ya chuma nyeupe, nzito, ya zamani. Katikati yake baba mukwe, marehemu, alikuwa amechora pembe mbili za ng'ombe kwa ncha ya musumari, vitone vitone.

Mama Bahati alinieleza maana ya ule mufuniko siku ile ile. Najua alinieleza. Lakini wakati anaeleza, mi nilikuwa nangojea amalize, nimueleze habari ya mbenga.

Siku ya tatu, Mama Bahati alikuwa ku soko. Nikatoka kwenda kukata manyoya ya jogoo, nikaona mufuniko juu ya nguzo ya lupango, umesuguliwa na majivu, unawaka mu jua mpaka nikafinya macho. Niliuangalia na macho ya fundi. Unene yake! Weupe yake! Na vile vitone, palepale nikajua: mu maji vitawaka kama magamba.

Nilipaswa kuuliza. Lakini nimuulize nani? Mama Bahati hakuwa. Na mukwe hawezi kwenda kusimama ku mulango ya jiko ya mama mukwe wake, aombe chombo. Ingekuwa aibu mpaka ku ukoo. Nikajisemea: mufuniko bila bido iko kazi gani? Nikajisemea tena: nikiuza mbenga nitamununulia sufuria mupya yenye mufuniko yake.

Heshima ilinizuia kuuliza. Kuchukua haikunizuia.

Nikakata majani tatu. Ile ya katikati, yenye pembe, nilijua ni muzuri hata mbele ya kuipiga. Marto ilikuwa inashuka yenyewe. Nilipoivuta ndani ya beseni ya maji, ilizunguka na kutetemesha kamba mpaka ku kiwiko yangu. Kwa miaka yangu yote, nikitoa watoto wangu, sijatengeneza kitu muzuri kupita ile.

Siku ya tano asubuhi nilienda Lowa, chini kidogo ya pale mto inavunjikia ku mawe. Nilitupa, nikavuta, nikatupa tena. Maji ilikuwa na rangi ya chai. Mara kamba ikasimama, kama mi nimeshika muti. Kisha muti ukakimbia.

Mbenga ilitoka juu na mudomo wazi, na ndani ya meno yake niliona jani yangu inawaka. Sijui kama nilipiga kelele. Watu wa ng'ambo wanasema nilipiga.

Nikaitoa. Nikaiua, nikajipiga foto na telefone. Hapo muntu wa akili angerudi nyumbani.

Mi nikawaza: mbenga moja ni habari, mbenga mbili ni historia. Nikatupa tena jani ile ile. Kitu ikaishika kwa nguvu, kamba ikalia, ikakatika. Samaki, jiwe, sijui. Nilisimama mu maji, naangalia pale ilipozamia. Hata wakati ule nilihuzunikia jani tu, kama fundi. Nilikuwa sijajua bado nimepoteza nini.

Ku Mubi niliingia kama mufalme. Safari alibeba mbenga ku pikipiki, na aliimba, hiyo nitasema ukweli, aliimba mpaka mbele ya butiki. Mama Furaha alinipiga foto. Watu wakanizunguka, nikaeleza mara ya kwanza, nikaeleza mara ya pili, na kila mara mto ilikuwa inaongezeka.

Mama Bahati alinipokea ku mulango. Hakuangalia samaki. Aliangalia kofia yangu, pale nilichomeka zile majani mbili zilizobaki.

— Papa Bahati, chuma hii umetoa wapi?

Nikaanza: "Sikia, muke wangu, kuko fundi moja wa Bukavu..." Hakungojea. Akaenda nyuma ya nyumba. Alirudi amejishika kichwa.

— Mufuniko ya mama iko wapi?

Akanieleza tena. Mara hii nilisikia.

Kule Nyamitaba mama mukwe alikuwa na jirani, Mama Rehema. Ng'ombe zao zilikuwa zinalisha pamoja. Siku ya kukimbia walifika pale njia inapoachana. Mama Rehema alikuwa anapanda Mweso na vijana wake na ng'ombe. Mama mukwe alikuwa anashuka huku porini, kwa binti yake, na ng'ombe huku haifiki salama. Akamuachia ng'ombe yake, moja tu iliyobaki, Bihogo. Wakagawanya bido ya maziwa: Mama Rehema akabeba bido, mama mukwe akabeba mufuniko. Wakapatana: atakayekuja na mufuniko yenye pembe, hata kama ni mutoto, hata kama ni mugeni, huyo njo apewe Bihogo.

Mama Rehema alifia Mweso kwa ugonjwa. Bihogo anachungwa sasa na kijana wake mukubwa, Emanuel, ambaye wakati ule alikuwa anasoma Goma. Yeye na mama mukwe hawajuani kwa uso, wala kwa sauti. Wiki iliyopita Emanuel alipiga telefone. Barabara imefunguka. Bihogo amezaa. Lakini watu wengi wanakuja kila mara kudai ng'ombe, kila mumoja na machozi yake. "Munisamehe, akasema. Mama alinifundisha kitu moja tu. Pembe mbili ku mufuniko."

Mama mukwe kiuno yake haikubali tena pikipiki. Akaosha mufuniko, akauweka ku jua. Leo, siku ya yenga, alikuwa ataita kaka yangu mukubwa, apike kuku, aniombe mbele ya watu, vile inafaa kumuomba mukwe. Kumuomba njiani njiani ni kumudharau. Njo sababu Mama Bahati alikatazwa kunigusia.

Aniombe nini? Nipande Mweso nimuletee ng'ombe yake.

Ule mufuniko ulikuwa unakauka ku jua kwa ajili yangu.

Nilifikiri atafuta karamu. Hakufuta. Leo baada ya misa, kaka yangu Papa Elia alifika na koti yake. Alikuwa ameambiwa habari ya ng'ombe, lakini hajui kama mufuniko umekatwa. Tukakaa ku baraza. Kuku ilikuja, bukari, ugali yetu, ikaja. Mama mukwe alikaa nyuma ya mulango, mugongo kwetu, vile desturi inataka. Papa Elia alikula vizuri, akajifuta mudomo, akasema:

— Mama Bahati, tumeshukuru. Sasa tuonyeshe hiyo mufuniko, mudogo wangu ajue anabeba nini.

Nikaona njo zamu yangu. Nikaeleza. Nguzo, makasi, gogo ya libuyu, Lowa, kamba kukatika.

Papa Elia akacheka.

Alicheka na roho yake yote, akipiga goti. "Wee mudogo! Hata mbele ya mama mukwe? Eh, endelea, mbenga ikafanya nini, ikakimbia na ng'ombe?" Alikuwa anangojea ile sehemu ya mwisho, pale napenda kuweka mamba.

Mama Bahati akaingia ndani, akatoka na sahani. Juu yake kulikuwa kingo ya mufuniko, duara yenye tundu mukubwa katikati, na zile majani mbili. Papa Elia akaacha kucheka.

— Si tupeleke kwa mwenye kuunganisha vyuma? akauliza chini chini.

— Pembe ziko mu mto, kaka, Mama Bahati akasema. Na hii yote imegusa samaki.

— Foto je? Hakupiga foto ya hiyo jani?

Nikafungua telefone. Foto ziko nyingi. Ku ya kwanza samaki imefunika jani. Ku ya pili mi nimefunika samaki. Ku zingine zote kuko sura yangu tu, na meno.

Mvua ikazidi ku mabati. Kisha nyuma ya mulango, sauti ya mama mukwe, bila hasira, njo ile iliyonimaliza:

— Binti yangu, mwambie bwana yako: mi nilimuchagua yeye sababu anajua kusema. Mufuniko haiko tena. Basi aende aseme.

Mama Bahati hakurudilia yale maneno. Mara ya kwanza tangu tuoane, neno ya mama mukwe ilinifikia moja kwa moja.

Papa Elia ameenda na koti yake ku kichwa. Mifupa ya kuku iko bado ku sahani. Safari amekubali kunifikisha Mweso. Nilimueleza sababu, na yeye pia akacheka kwanza. Nilingojea amalize.

Nimekaa hapa tangu saa ile najaribu maneno nitakayomwambia Emanuel. Najaribu kwa sauti, naiambia ile gogo. Na kila mara ulimi inafanya kazi yake. Naanza vizuri, nafika ku Lowa, mara maji inapanda, mara mbenga inakuwa na macho mekundu, mara iko mamba. Nasimama, naanza upya. Sikujua ni kazi nguvu hivi. Ni kama kupiga jani: ukianzia pabaya, yote inajikunja.

Na muntu ambaye watu wengi wanamulilia kila mara, wakidai ng'ombe, ataangalia huyu mugeni anatoka Mubi na kipande ya chuma yenye tundu, anasema pembe zilimezwa ku mto. Mi mwenyewe ningemufukuza. Katika uongo yangu yote, hakuna hata moja ilikuwa ngumu kuamini kama ukweli hii.

Mama mukwe anazeeka. Nikirudi bila Bihogo, hatakunywa tena maziwa ya ng'ombe yake mbele ya kufa. Hiyo njo iko ku mabega yangu nikipanda.

Basi naandika hapa, ili nizoee.

Nilichukua mufuniko bila kuuliza. Niliukata. Ulikuwa na pembe mbili za vitone, ya kushoto fupi kidogo kupita ya kuume. Nilipoteza pembe mu Lowa, kwa tamaa ya samaki ya pili. Samaki ya kwanza haikuwa kubwa kama mulango ya kanisa. Haikuwa hata kama mulango ya choo. Ilikuwa na urefu wa mukono yangu, toka bega mpaka kiganja.

Njo yote. Nimeisoma tena, haina mamba.

Emanuel, utaniamini?